Kidole Gumba cha Mtoto Kinaponasa: Mambo ya Kuyajua Kabla ya Kuridhia Upasuaji

Tuchukue mfano wa Mama Asha, mzazi tuliyembuni kwa ajili ya somo hili, ingawa wazazi walio katika hali kama yake si wa kubuni. Anamwogesha binti yake mwenye umri wa miaka 2. Anaufungua mkono wa mtoto ili aupake sabuni, na vidole vinne vinakunjuka bila taabu. Cha tano, kidole gumba, kinabaki kimepinda kwenye kiungo kilicho karibu na ukucha. Anakivuta taratibu, hakinyooki. Mtoto halii wala hashtuki. Anaendelea kuchezea maji.

Kabla ya juma kuisha, Mama Asha amekwisha kupata mashauri matatu. Mama mkwe wake anamwambia, “Mwanangu, mpeleke kwa yule bibi anayekanda. Akimkanda kwa mafuta ya moto siku saba, kitanyooka.” Kliniki moja binafsi inamwambia kwamba mtoto apasuliwe keshokutwa, na nusu ya malipo itangulizwe leo. Daktari wa hospitali ya wilaya anamwambia asubiri, kisha anaita mgonjwa mwingine kabla ya kueleza asubiri nini na kwa muda gani.

Ushauri wa kwanza unaweza kumwumiza mtoto. Wa pili unaweza kuwa na ukweli ndani yake, lakini umefungwa katika haraka isiyo na sababu. Wa tatu yamkini ndio ulio sahihi, ila umetolewa nusu. Mamlaka yetu haimchagulii mzazi matibabu. Hiyo ni kazi ya daktari na mzazi wakiwa wameketi pamoja. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba mlaji wa huduma ya afya, kama mlaji wa bidhaa yoyote, anajua anachokinunua, anajua kama anakihitaji, na anajua wa kumwendea mambo yakiharibika. Katika somo hili tutayaeleza hayo kwa utaratibu.

1. Ni nini hasa kilichonasa?

Kidole gumba hukunjwa na kano moja ndefu inayoanzia kwenye msuli wa mkono, chini ya kiwiko, na kuishia kwenye mfupa wa ncha ya kidole. Kano hiyo hupita ndani ya ala laini, na ala imeshikizwa kwenye mifupa kwa pete kadhaa ngumu. Mtu aliyewahi kutazama uzi wa ndoana ukipita katika vijipete vya ufito wa kuvulia samaki ataelewa mara moja. Pete huizuia kano isiachane na mfupa pale kidole kinapokunjwa.

Katika hali tunayoizungumzia, kano huwa imefanya kinundu mahali inapoingilia pete ya kwanza, iliyo kwenye shina la kidole gumba. Kinundu kikiwa kidogo, hupenya kwa kukwaruza, na kidole hufyatuka ghafla kinaponyooshwa. Kikiwa kikubwa kuliko tundu la pete, hakipenyi tena, na kidole hubaki kimepinda. Kwa watoto, hali hii ya pili ndiyo inayoonekana zaidi. Mzazi akipapasa kwa upole shina la kidole, upande wa kiganja, aghalabu hugusa kitu kigumu mfano wa punje ya dengu kinachosogea kidole kinapotikiswa. Kinundu hicho hujulikana kwa jina la Alphonse Notta, daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1850. Kinundu hiki si saratani, wala si mfupa uliovunjika.

2. Si kosa la mzazi

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba viliuita ugonjwa huu wa kuzaliwa nao. Utafiti umelibadili wazo hilo. Madaktari waliwachunguza watoto wachanga 4,719 katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, wasimpate hata mmoja mwenye kidole gumba kilichonasa. Hali hii hujitokeza baadaye, katika miezi na miaka ya mwanzo ya maisha. Hukadiriwa kuwapata watoto wapatao 3 katika kila 1,000, na katika takriban robo yao vidole gumba vyote viwili hunasa.

Chanzo chake halisi hakijafahamika. Hata hivyo, yapo mambo ambayo hayahusiki. Hakitokani na namna mama alivyolala au alivyokula wakati wa ujauzito, wala na mkunga aliyemvuta mtoto vibaya, wala na jicho la jirani. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mzazi anayejilaumu huwa mnunuzi mwepesi: hulipa chochote anachoambiwa ili aiondoe lawama.

3. Pale ambapo jambo huwa ni jingine

Utambuzi wa kidole kilichonasa hufanywa kwa macho na mikono ya daktari mzoefu. Kwa kawaida hauhitaji kipimo cha damu wala kipimo kikubwa cha picha. Mzazi akiandikiwa orodha ndefu ya vipimo, ana haki ya kuuliza kila kimoja kinatafuta nini. Picha ya mionzi huwa na sababu iwapo mtoto alianguka au alibanwa na mlango.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiri. Mpeleke mtoto hospitali bila kuchelewa iwapo:

– kidole kimepinda baada ya ajali, kimevimba au kinauma;
– kidole ni chekundu, cha moto, kinatoa usaha, au mtoto ana homa;
– kidole kimebadilika rangi au kimepoa kuliko vingine.

Zipo pia dalili ambazo si za dharura, lakini zinahitaji daktari bingwa autazame mwili mzima wa mtoto: vidole vingine zaidi ya gumba vinanasa; kidole gumba kimelala ndani ya kiganja tangu siku ya kuzaliwa; viungo vingine ni vigumu; au mtoto amechelewa kukaa, kutembea au kuzungumza. Kunasa kwa vidole vingi huweza kuwa ishara ya maradhi mengine, yakiwamo ya kurithi. Upasuaji wa kidole pekee hautayagundua.

4. Kusubiri nako ni matibabu

Neno “subiri” huwaudhi wazazi wengi, kwa maana hulisikia kama kufukuzwa. Hebu tulitazame kwa ushahidi. Madaktari wa Korea Kusini waliwafuatilia watoto wenye vidole gumba vilivyonasa bila kuwatibu kwa njia yoyote. Katika taarifa yao ya mwaka 2008, vidole 63 hivi katika kila 100 vilinyooka vyenyewe. Walipoendelea kuwafuatilia kwa miaka 5 na zaidi, na kuchapisha tena mwaka 2011, hesabu ilifikia takriban 76 katika kila 100.

Takwimu hizo zina pande mbili, na mzazi hana budi kuziona zote. Upande wa kwanza ni kwamba vidole vingi hupona bila kisu. Upande wa pili ni kwamba kupona huko huchukua muda mrefu: katika utafiti wa 2008, nusu ya vidole vilivyopona vilihitaji miezi 48 au zaidi. Na kidole kimoja katika kila vinne hakikunyooka hata baada ya miaka hiyo yote.

Zipo hospitali zinazomwelekeza mzazi kukinyoosha kidole kwa upole mara kadhaa kwa siku, au kumvalisha mtoto banzi dogo usiku. Mazoezi na banzi huwasaidia baadhi ya watoto, ingawa matokeo hutofautiana baina ya tafiti. Kinyooshwe kwa jinsi mtaalamu alivyoonyesha, na kamwe kisilazimishwe.

Je, kusubiri kunaweza kudhuru? Kwa kawaida kidole kilichonasa hakiumi na mtoto huendelea kushika kijiko, kalamu na mwanasesere. Watoto waliopasuliwa wakiwa wamekwisha kuingia umri wa shule nao hupata matokeo mazuri. Hata hivyo, kidole kilichokaa kimepinda kwa miaka mingi humfanya mtoto akilegeze kupita kiasi kiungo cha chini yake ili afidie. Kwa hiyo kusubiri kunakofaa kuna ratiba: daktari hukipima kidole, huandika kimepinda kiasi gani, hupanga tarehe ya kurudi, na hueleza ni badiliko lipi litakalomfanya apendekeze upasuaji. Mzazi akiambiwa “subiri” bila hayo, aulize: “Daktari, nirudi lini, na mpaka hapo niangalie nini?” Swali hilo halimkosei daktari heshima.

Kinachofuata hapa kina uzito kwa mfuko wa mlaji. Kidole gumba kilichonasa, kisicho na dalili za hatari tulizozitaja, si dharura. Madaktari wengi hawapendi kumpasua mtoto aliye chini ya mwaka 1. Anayemwambia mzazi kwamba mtoto asipopasuliwa wiki hii mkono utalemaa, anamwuzia hofu. Mzazi anao wakati wa kutafuta maoni ya daktari wa pili, na hapaswi kulipa malipo ya awali yasiyorejeshwa ili eti alinde nafasi.

5. Upasuaji wenyewe

Upasuaji huchaguliwa pale kidole kinapobaki kimefungwa kwa muda mrefu, kinapomzuia mtoto katika shughuli zake, kinapouma, au pale ambapo wazazi, baada ya kuelezwa yote, wanaona hawataki kungoja miaka. Zote ni sababu halali.

Kazi yenyewe ni fupi. Mara nyingi huchukua dakika 10 hadi 20, mbali na muda wa kumlaza na kumwamsha mtoto. Mkono hufungwa mkanda wa kuzuia damu kwa muda ili daktari aone vizuri. Kisha hukatwa ngozi kwa urefu wa sentimita 1 hivi, kwenye mkunjo ulio katika shina la kidole, ili kovu lijifiche humo. Daktari huisogeza pembeni mishipa ya fahamu, huiona pete ya kwanza kwa macho yake, na kuikata kwa urefu wake. Tundu hupanuka, kano hupita, na kidole hunyooka papo hapo. Kinundu chenyewe hakikatwi. Kikiachwa bila kubanwa, hupungua polepole. Ngozi hushonwa, mara nyingi kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, kisha hufungwa bandeji. Watoto wengi hurudi nyumbani siku iyo hiyo.

Kwa kuwa ni kazi fupi, wapo wanaodhani inaweza kufanywa na yeyote, popote. Katika shina la kidole gumba cha mtoto, mishipa ya fahamu imepita karibu sana na ngozi, na mmoja wao hukatiza njia ya kisu. Mshipa huo ukikatwa, sehemu ya kidole huweza kufa ganzi. Hali kadhalika, daktari akizidisha na kuikata pete iliyo mbele, kano huachana na mfupa na kujivuta kama uzi wa upinde. Akipunguza, kidole hunasa tena. Ndiyo maana kazi hii inamtaka daktari bingwa wa upasuaji, wa mifupa, wa watoto au wa mikono, anayeufahamu mkono wa mtoto.

Njia ya kukata pete kwa ncha ya sindano bila kufungua ngozi, inayotumika kwa baadhi ya watu wazima, huwa na hatari zaidi kwa mtoto kwa sababu daktari haioni mishipa hiyo. Sindano za dawa za kutuliza uvimbe, ambazo huwafaa watu wazima wengi wenye vidole vinavyonasa, si tiba ya kawaida kwa watoto. Ukipewa mojawapo kama “njia nyepesi ya bei nafuu”, uliza kwa nini imechaguliwa.

6. Dawa ya usingizi

Mtu mzima anaweza kufanyiwa upasuaji huu kwa ganzi ya mahali pamoja huku akizungumza na daktari. Mtoto wa miaka 2 hawezi kutulia, hivyo hulazwa kwa nusukaputi. Kwa maoni yetu, hapa ndipo mzazi anapopaswa kuuliza maswali mengi zaidi, ingawa wengi huuliza kuhusu kisu tu.

Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba matumizi ya nusukaputi yanayorudiwarudiwa, au yanayozidi saa 3, kwa watoto walio chini ya miaka 3 yanaweza kuathiri ukuaji wa ubongo. Tahadhari hiyo hiyo ilieleza kwamba usingizi mmoja wa muda mfupi hauelekei kuleta madhara hayo. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 uliwalinganisha watoto wachanga waliopewa nusukaputi kwa muda ambao kwa kawaida haukufika saa moja na wenzao waliotiwa ganzi tu. Walipofika umri wa miaka 5, makundi yote mawili yalikuwa sawa kiakili. Upasuaji wa kidole gumba unaangukia katika kundi hilo la usingizi mfupi. Mzazi hana sababu ya kuogopa kupita kiasi, ila ana sababu ya kutomharakisha mtoto mdogo sana pasipo haja.

Hatari iliyo karibu zaidi ni ya pumzi. Mtoto aliyelazwa anahitaji mtaalamu wa usingizi anayeshughulika naye peke yake, mashine ya kupima hewa ya oksijeni mwilini, oksijeni yenyewe, na vifaa vya kumsaidia kupumua vinavyolingana na umri wake. Mahali pasipo na hivyo si mahali pa kumlaza mtoto, hata bei ikiwa nusu.

7. Matokeo na madhara

Mzazi anapaswa kuambiwa mema na mabaya kwa uwiano. Upasuaji huu ni miongoni mwa ile yenye matokeo mazuri: zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hupata kidole kinachonyooka na kukunjika vizuri. Madhara hutokea mara chache. Nayo ni kidonda kuingia vijidudu, kovu gumu au linalouma, kidole kunasa tena, kidole kutonyooka kikamilifu, na kuumia kwa mshipa wa fahamu. Yapo pia madhara ya nusukaputi yenyewe. Daktari anayesema “hakuna hatari yoyote” hajatoa maelezo kamili, na saini iliyowekwa baada ya maneno hayo si ridhaa iliyotokana na ufahamu.

8. Mambo tunayowashauri walaji wasiyanunue

Tunawaheshimu wazee wetu wanaokanda, na tunajua wangapi wamelelewa mikononi mwao. Lakini kinundu hakiyeyuki kwa kukandwa. Kidole kikivutwa kwa nguvu, kano na kiungo vinaweza kuumia, na mafuta ya moto huunguza ngozi ya mtoto. Mama mkwe anaweza kujibiwa kwa adabu: “Mama, tumeambiwa tusikivute kabla hakijatazamwa hospitali.” Vilevile epuka dawa za kuchua zinazodaiwa kuyeyusha vinundu na vifaa vya kunyoosha vidole vinavyouzwa mitandaoni bila kumpima mtoto.

9. Gharama

Bei iliyotajwa kwa mdomo mara nyingi ni ya “upasuaji” peke yake. Mlaji aombe makadirio ya maandishi yanayotenganisha kumwona daktari, vipimo, ada ya daktari mpasuaji, ada ya mtaalamu wa usingizi, chumba cha upasuaji, dawa na vifaa, kitanda, kubadilisha bandeji, na miadi ya baadaye. Aulize pia nani atalipa iwapo kidole kitanasa tena au mtoto atalazimika kulala hospitali. Makadirio mawili yaliyoandikwa hivyo yanaweza kulinganishwa. Bei mbili za mdomo haziwezi.

Kwa Tanzania Bara, Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwaweka watoto walio chini ya miaka 5 miongoni mwa makundi ya msamaha wa gharama katika vituo vya umma, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa bima. Kabla ya kulipa chochote, fika katika dirisha la bima au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya rufaa, uulize ni huduma zipi zinagharamiwa na zipi utazilipia. Mzazi ambaye mtoto wake anakaribia kutimiza miaka 5 amweleze daktari jambo hilo mapema, ili lizingatiwe katika kupanga tarehe. Lisiwe sababu ya kumpasua mtoto asiyehitaji, lakini pia lisimjie mzazi ghafla mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kila malipo yapewe risiti.

10. Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Tunashauri ukurasa huu ukatwe au unakiliwe, uende nao hospitali.

1. Una uhakika gani kwamba ni kidole kilichonasa, na umeondoa uwezekano gani mwingine?
2. Tukisubiri miezi 6 au mwaka 1, tunapoteza nini?
3. Nani hasa atakayepasua? Amefanya upasuaji huu kwa watoto mara ngapi?
4. Nani atakayemlaza mtoto, na atakuwapo mpaka aamke?
5. Mtakata kwa kuona pete, au kwa sindano?
6. Madhara gani mmeyaona ninyi wenyewe hapa, na mliyashughulikiaje?
7. Tukibadili nia kabla ya siku hiyo, tutarudishiwa kiasi gani?
8. Usiku tukiwa na wasiwasi, tumpigie nani?

Madaktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mwananchi ana haki ya kuthibitisha kwamba anayemtibu mwanawe amesajiliwa. Fomu ya ridhaa isomwe yote, kwa lugha unayoielewa. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza nawe hukielewi, omba isomwe na ifafanuliwe kwa Kiswahili kabla ya kutia saini. Hakikisha imetaja mkono upi, wa kulia au wa kushoto.

11. Siku yenyewe na siku zinazofuata

Mtoto hulazwa akiwa na tumbo tupu, ili asitapike na matapishi kuingia kwenye mapafu. Kwa kawaida chakula na maziwa ya kopo au ya ng’ombe husimamishwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji matupu saa 2. Hospitali yako inaweza kuwa na utaratibu wake, nao ndio wa kufuatwa. Omba saa hizo ziandikwe, maana “asile baada ya saa sita” huweza kueleweka kuwa ya usiku au ya mchana. Bibi au dada wa nyumbani aliyempa mtoto uji alfajiri kwa huruma asifichwe. Mwambie mtaalamu wa usingizi. Kuahirisha upasuaji ni hasara ndogo. Mtoto akiwa na mafua, kikohozi au homa, sema pia.

Kabla ya kisu, wahudumu huthibitisha jina la mtoto, mkono na kidole, kwa kufuata orodha ya usalama wa upasuaji iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ukiulizwa jina lake na mahala pa kupasuliwa mara tatu, usichoke. Huko ndiko kulindwa kwake.

Nyumbani, bandeji ibaki kavu na safi mpaka siku uliyoambiwa, aghalabu wiki 1 hadi 2. Mwogeshe ukiwa umeufunika mkono kwa mfuko wa plastiki. Maumivu huwa madogo, na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake hutosha. Mwache autumie mkono kwa michezo ya kawaida, ila asichezee udongo na mchanga kabla kidonda hakijapona. Rudi hospitali mara moja ukiona usaha, harufu, wekundu unaosambaa, homa, damu isiyokoma, ncha ya kidole iliyopauka au kuwa ya bluu, au mtoto anayelia kwa maumivu yanayozidi siku hadi siku.

12. Ukiwa na malalamiko

Si kila matokeo mabaya ni uzembe. Kidole kinaweza kunasa tena hata mikononi mwa bingwa. Lakini kutoelezwa hatari, kupasuliwa na mtu asiyesajiliwa, kutozwa zaidi ya makadirio bila kuarifiwa, au kunyimwa taarifa za matibabu ni mambo ya kulalamikiwa. Anza kwa mganga mfawidhi wa kituo, kwa maandishi, ukibaki na nakala. Usiporidhika, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Na pale penye shaka juu ya mwenendo wa daktari, peleka kwa Baraza la Madaktari. Hifadhi risiti, fomu ya ridhaa, picha za kidole zenye tarehe, na majina ya waliomhudumia mtoto. Lalamiko lenye karatasi husikilizwa upesi kuliko lenye machozi peke yake.

Zoezi la kujipima

Rudi kwa Mama Asha, kisha ujibu: (a) Kwa nini hakupaswa kutanguliza malipo siku ile? (b) Angemwuliza nini daktari wa wilaya kabla hajaondoka? (c) Ni dalili zipi zingemfanya asisubiri?

Jibu letu kwa ufupi: (a) Mtoto hana maumivu, hakuanguka, na kidole si chekundu, kwa hiyo si dharura, na ana muda wa kutafuta maoni ya pili na makadirio ya maandishi. (b) Angeuliza arudi lini, aangalie nini, na ni lini upasuaji utafikiriwa. (c) Ajali, maumivu, wekundu, usaha, homa au kubadilika kwa rangi ya kidole.

Ikiwa baada ya mwaka kidole kingali kimefungwa, naye akakubaliana na daktari kwamba sasa kipasuliwe, atakwenda chumba cha upasuaji akiwa anajua anachokiridhia, nani atakifanya, kwa bei gani, na kwa saa ngapi mtoto asipewe uji.